Uyoga Mkavu wa Porini: Chakula, Faida zake kwa Afya na Tahadhari

Mtahiniwa, mada hii inakusanya mambo uliyoyasoma kwa nyakati tofauti: uainishaji wa viumbe, lishe, uhifadhi wa chakula, huduma ya kwanza na hata vinasaba. Ukiielewa vizuri utaweza kujibu maswali ya mada tano kwa mfano mmoja. Mtihani wa Baiolojia utaujibu kwa Kiingereza, na istilahi zake unazo kwenye daftari lako. Hapa tunatumia Kiswahili ili kwanza uelewe jambo lenyewe, kwa sababu mtahiniwa anayekariri istilahi bila kuelewa hukwama mara swali linapogeuzwa.

Ipo sababu nyingine ya kuisoma mada hii kwa makini. Mtihani wa kidato cha nne huanza mwezi Novemba, na Novemba ni mwezi wa mvua za vuli katika Kanda ya Ziwa. Mvua hizo ndizo huotesha uyoga kwenye vichuguu na misituni, kuanzia Magu na Kwimba hadi Sengerema na Ukerewe. Wengine hupika uyoga siku hiyohiyo, wengine huuanika ili uliwe wakati wa kiangazi. Kwa hiyo unayoyasoma hapa yanaweza kuulizwa kwenye chumba cha mtihani, na pia yanaweza kuwa kwenye sufuria ya nyumbani kwenu wiki hiyohiyo.

1. Uyoga ni kiumbe gani?

Uyoga si mmea. Uko katika himaya ya Kuvu. Watahiniwa wengi huandika kwamba uyoga ni "mmea usio na majani", na hapo hupoteza alama. Zingatia tofauti hizi nne:

(a) Uyoga hauna umbijani, hivyo haufanyi usanisinuru. Hupata chakula kwa kumwaga vimeng'enya nje ya mwili wake, kuyeyusha mabaki ya viumbe, kisha kufyonza kilichoyeyuka.

(b) Ukuta wa seli zake umejengwa kwa kitini. Ukuta wa seli za mmea umejengwa kwa selulosi.

(c) Huhifadhi wanga wake katika umbo la glaikojeni, kama ini la mnyama linavyofanya. Mmea huhifadhi wanga wa kawaida, ule unaogeuka rangi ya buluu iliyokoza ukitiwa ayodini.

(d) Huzaliana kwa spora, si kwa mbegu wala maua.

Sehemu tunayoichuma na kuila ni sehemu ya uzazi tu. Mwili wenyewe wa kuvu umejificha chini ya udongo au ndani ya gogo, nao umefanyika kwa nyuzi nyembamba zinazoitwa haifa. Ndiyo maana leo unachuma uyoga mahali fulani, na baada ya mvua nyingine unaukuta umeota palepale.

Mfano mzuri kwa mtoto wa Kanda ya Ziwa ni uyoga wa kwenye vichuguu, ambao kitaalamu uko katika jenasi ya Termitomyces. Mchwa hubeba majani makavu na vipande vya miti hadi ndani ya kichuguu, na kuvu huyo hukua juu ya shehena hiyo. Kuvu huvunjavunja sehemu ngumu za mti ambazo mchwa peke yake hawezi kuzimeng'enya vizuri, na mchwa hupata chakula laini. Kuvu naye hupata makazi yenye joto na unyevu wa kutosha. Kila upande unafaidika, na huo ndio uhusiano wa kutegemeana uliousoma katika ekolojia. Kwa sababu hiyo pia, uyoga wa kichuguu ni vigumu kuulima shambani: ukimwondoa mchwa, umeondoa mkulima wake.

2. Kwa nini uyoga hukaushwa?

Uyoga mbichi huharibika haraka sana, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili. Karibu asilimia 90 ya uzito wake ni maji, na bakteria pamoja na kuvu waozeshaji huhitaji maji ili kukua. Ukiondoa maji, umewanyima mazingira ya kuishi. Vimeng'enya vya uyoga wenyewe pia hupunguza kasi ya kazi.

Kanuni hii ni ileile inayotumika kwa dagaa wanaouzwa katika soko la Mwaloni, Kirumba, na ni ileile inayotumika kwa michembe na matobolwa ya viazi vitamu katika nyumba za Usukumani. Ukiulizwa utoe mifano ya kukausha chakula kama njia ya kuhifadhi, mifano hii ya nyumbani inakubalika kabisa. Huna haja ya kuandika zabibu ambazo hujawahi kuona zikikaushwa.

Hatua za kukausha uyoga ni hizi:

(i) Chagua uyoga mzima usio na funza wala sehemu zilizooza. Futa udongo kwa kitambaa au kisu. Usiuloweke, kwa sababu utaongeza maji unayotaka kuyaondoa.

(ii) Kata vipande vyembamba vinavyolingana. Kipande chembamba hukauka upesi kwa sababu eneo lake la nje ni kubwa kikilinganishwa na ujazo wake. Hapa unaona kanuni ya eneo na ujazo uliyoisoma ikifanya kazi.

(iii) Anika juu ya chanja, wavu au mkeka safi ulioinuliwa kutoka ardhini ili hewa ipite juu na chini. Kuanika kwenye mchanga huleta uchafu, mayai ya minyoo na chengachenga zitakazouma meno.

(iv) Ingiza ndani jioni. Karibu na ziwa, hewa ya usiku na alfajiri ina unyevu mwingi, na uyoga uliokauka mchana hunyonya tena maji hayo.

(v) Uyoga uliokauka vizuri huvunjika kwa sauti. Ukipinda bila kuvunjika, bado. Uhifadhi kwenye chombo kikavu chenye mfuniko unaobana.

Uyoga uliohifadhiwa ukiwa na unyevu huota ukungu, na ukungu wenyewe ni kuvu. Baadhi ya kuvu hao, kama Aspergillus flavus, hutengeneza sumukuvu inayoshambulia ini, na upishi wa kawaida hauiondoi. Mwaka 2016 sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi ilisababisha ugonjwa na vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Chakula kikavu chenye ukungu hakikwanguliwi na kupikwa. Hutupwa.

3. Hesabu ya virutubisho: usidanganywe na uzito

Utasikia watu wakisema kwamba uyoga mkavu una protini nyingi mara nyingi kuliko uyoga mbichi. Kauli hii ni kweli nusu. Tazama mfano wa kilo moja ya uyoga mbichi wenye maji asilimia 90 na protini gramu 3 katika kila gramu 100.

Uyoga mbichi: uzito gramu 1,000; maji gramu 900; vitu vikavu gramu 100; protini gramu 30.

Uyoga huohuo ukikaushwa hadi kubaki na maji asilimia 10: uzito gramu 111, maji gramu 11, vitu vikavu gramu 100, protini gramu 30.

Angalia protini. Ilikuwa gramu 30 na imebaki gramu 30. Kilichopungua ni maji. Katika kila gramu 100 za uyoga mkavu sasa kuna protini gramu 27, kwa sababu ileile protini imekusanyika ndani ya uzito mdogo. Lakini hakuna mtu anayekula gramu 100 za uyoga mkavu kwa mlo mmoja. Mtu hula pengine gramu 15 au 20, ambazo zikilowekwa hujaa bakuli. Kwa gramu 20 atapata protini kama gramu 5 hivi.

Basi ukiulizwa, "Je, kukausha huongeza protini?" jibu lako liwe hili: hapana, kukausha huongeza mkusanyiko wa protini katika kila gramu, lakini hakuongezi kiasi chake chote.

4. Faida za uyoga kwa afya

Sasa tazama faida zenyewe, kila moja na sababu yake. Mtahini hutoa alama kwa sababu, si kwa kutaja tu.

Protini. Uyoga una protini ya kujenga na kukarabati mwili. Hata hivyo dagaa wakavu wanaupita kwa mbali, kwani zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na kwa kuwa huliwa na mifupa hutoa pia kalisi. Uyoga ni rafiki wa dagaa kwenye mlo, si mbadala wake.

Vitamini za kundi B. Uyoga una vitamini B2 na B3, ambazo seli huzihitaji ili kutoa nishati kutoka kwenye chakula wakati wa upumuaji wa seli.

Vitamini D. Seli za uyoga zina kemikali iitwayo ergosteroli. Mionzi ya jua aina ya urujuanimno ikiipiga, sehemu yake hugeuka kuwa vitamini D. Kwa hiyo uyoga ulioanikwa juani huwa na vitamini D zaidi ya ule uliokaushwa juu ya moshi jikoni. Vitamini hii husaidia mwili kufyonza kalisi, na upungufu wake kwa watoto husababisha matege. Kumbuka lakini kwamba ngozi yako nayo hutengeneza vitamini D ukiwa juani.

Madini. Uyoga una potasiamu, fosforasi na kiasi fulani cha chuma na zinki. Potasiamu husaidia kudhibiti shinikizo la damu, ila faida hiyo hupotea mpishi akimwaga chumvi nyingi. Chuma cha uyoga hufyonzwa vizuri zaidi ukila pamoja na chakula chenye vitamini C, kama nyanya au maji ya limau.

Nyuzinyuzi. Kitini na sukari changamano za ukuta wa seli hazimeng'enywi na mwili wetu. Husaidia choo kupita vizuri, na hushibisha bila kuongeza mafuta wala sukari nyingi.

Kuna mambo ambayo uyoga haufanyi. Si chanzo cha kutegemea cha vitamini A wala C, hivyo mchicha, matembele na mapapai bado vinahitajika. Wala usiandike kwamba uyoga "huponya" saratani, kisukari au Ukimwi. Chakula bora husaidia mwili, lakini dawa za hospitali haziachwi kwa sababu ya mboga. Mtu aliye kwenye dawa za kufubaza virusi anaendelea nazo, awe anakula uyoga au hali.

5. Namna ya kupika uyoga mkavu

Swali la upishi huulizwa kama swali la sayansi: eleza hatua na sababu ya kila hatua.

Kwanza, loweka uyoga katika maji ya uvuguvugu kwa muda wa nusu saa hivi. Watahiniwa huandika kwamba maji yanaingia kwa osmosisi. Si sahihi, kwa sababu osmosisi huhitaji utando wa seli ulio mzima unaopitisha kwa kuchagua, na seli za uyoga mkavu zimekwisha kufa. Maji hunyonywa na kuta za seli, kama sponji kavu inavyonyonya.

Pili, nyanyua uyoga kwa mkono ili mchanga ubaki chini, kisha usuuze. Vitamini za kundi B huyeyuka katika maji, hivyo maji ya kulowekea yakichujwa kwa kitambaa safi yanafaa kuwa mchuzi. Zipo aina ambazo wenyeji huzichemsha kwanza na kumwaga maji yake. Kwa aina hizo fuata desturi ya wanaozijua.

Tatu, kaanga kitunguu na nyanya kwa mafuta kidogo, tia uyoga, ongeza maji na uache uchemke hadi ulainike kabisa. Joto hulegeza kuta za kitini, na virutubisho vilivyo ndani hupatikana. Uyoga usioiva husumbua tumbo.

Nne, koroga karanga zilizosagwa kwa maji kidogo, mimina, punguza moto na uendelee kukoroga ili zisishike chini. Karanga huongeza protini na mafuta. Vitamini D huyeyuka katika mafuta, hivyo mwili huifyonza vizuri zaidi mlo ukiwa na mafuta kiasi. Chagua karanga zisizo na ukungu, kwa sababu ile ya sumukuvu tuliyoitaja.

Mboga hii huliwa na ugali wa mahindi, mtama au udaga wa muhogo. Ongeza mboga ya majani na tunda, nao mlo umekamilika.

6. Tahadhari: uyoga wenye sumu

Soma sehemu hii mara mbili.

Baadhi ya uyoga wa porini una sumu, na baadhi ya sumu hizo huua. Jenasi ya Amanita ina aina zinazoliwa na pia aina zinazoua, na mtu asiye mzoefu anaweza kuzichanganya. Uyoga uitwao Chlorophyllum molybdites huota kwenye nyasi na viwanja, ni mweupe na mkubwa, unafanana na uyoga unaoliwa, na husababisha kutapika na kuharisha vibaya.

Sumu hatari zaidi ni amatoksini. Kupika hakuiondoi. Kukausha hakuiondoi. Huzuia kimeng'enya kinachonakili taarifa za vinasaba kutoka DNA kwenda RNA. Seli ikikosa nakala hizo haiwezi kutengeneza protini, nayo hufa. Seli za ini ndizo huumia zaidi.

Mwenendo wa sumu hii unadanganya. Kwa kawaida dalili huanza saa 6 hadi 24 baada ya kula: maumivu ya tumbo, kutapika, kuharisha. Kisha mgonjwa anaweza kupata nafuu kwa siku moja au zaidi, na familia hudhani amepona. Wakati huo ini linaendelea kuharibika, na siku chache baadaye macho huwa ya njano na hali hubadilika ghafla. Nafuu hiyo ndiyo huwafanya watu wachelewe hospitali.

Imani zifuatazo si za kweli, na zimepoteza maisha ya watu:

- "Uyoga ulioliwa na konokono au wadudu ni salama." Mwili wao si sawa na wa binadamu.
- "Kijiko cha fedha au kitunguu saumu hubadilika rangi penye sumu." Hakuna kipimo kama hicho.
- "Uyoga mweupe ni salama, wenye rangi ni sumu." Baadhi ya uyoga unaoua ni mweupe kabisa.
- "Ukikauka, sumu huisha." Umekwisha kusoma kwamba haiishi.

Uyoga mkavu una hatari yake ya ziada: ukishakatwa na kunyauka, alama za kuutambua kama rangi, kofia na umbo la shina hazionekani tena. Kwa hiyo utambuzi hufanywa ukiwa mbichi na mzima, na mtu anayeujua kwa uzoefu wa miaka mingi. Ukinunua uliokwisha kukaushwa, nunua kwa mtu unayemfahamu anayejua aina anazouza. Ukiwa na shaka, hata kidogo, usile. Aliye geto asichume uyoga uwanjani kwa sababu tu unafanana na wa bibi kijijini.

Kama mtu amekula uyoga na anatapika, fanya haya: mpeleke mara moja kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, hata kama amepata nafuu, beba mabaki ya uyoga huo, waeleze saa aliyokula na saa dalili zilipoanza, wataje wote walioshiriki mlo huo, wakiwemo ambao bado hawaumwi. Kwa walio Mwanza, wagonjwa mahututi hupelekwa hospitali za rufaa kama Sekou Toure na Bugando. Usimpe maziwa au dawa za kienyeji ukisubiri kuona itakuwaje.

Njia salama zaidi ni kula uyoga wa kulima, kama uyoga mamama. Huoteshwa ndani ya nyumba kwenye mabua ya mpunga au mabaki ya pamba yaliyochemshwa ili kuua vijidudu, na vyote viwili vinapatikana Usukumani. Nao hukaushwa na kupikwa kwa hatua zilezile ulizozisoma hapa.

7. Maswali ya kujipima

1. Mwanafunzi alitia ayodini kwenye uyoga uliopondwa, na rangi ya buluu iliyokoza haikutokea. Akahitimisha kwamba uyoga hauna kabohaidreti yoyote. Eleza kosa lake.

Dondoo: Ayodini hupima wanga wa mimea. Uyoga huhifadhi glaikojeni, na ukuta wake una kitini, ambacho pia ni kabohaidreti. Matokeo yanaonyesha kwamba wanga haupo, si kwamba kabohaidreti zote hazipo.

2. Ungetumia kipimo gani kuthibitisha protini kwenye uyoga? Taja matokeo.

Dondoo: Kipimo cha Biureti. Tia hidroksidi ya sodiamu kwenye maji ya uyoga uliopondwa, kisha matone machache ya salfeti ya shaba. Rangi ya zambarau huonyesha protini.

3. Gramu 500 za uyoga mbichi zina maji asilimia 90. Ukikaushwa hadi kubaki na maji asilimia 10, utakuwa na uzito gani?

Dondoo: Vitu vikavu ni gramu 50. Hizo ni asilimia 90 ya uzito mpya. 50 ÷ 0.9 = gramu 55.6.

4. Familia ilikula uyoga jioni. Usiku wa manane wakatapika, kesho yake mchana wakapata nafuu. Jirani akawashauri wabaki nyumbani. Toa hoja tatu za kupinga ushauri huo.

Dondoo: Nafuu hiyo inaweza kuwa ya uongo, ini linaweza kuwa linaharibika bila dalili za nje, matibabu yakianza mapema mgonjwa ana nafasi kubwa zaidi ya kupona.

Jibu maswali haya kwa maandishi, bila kutazama dondoo, kisha ujisahihishe. La nne, baada ya kulijibu, wasomee pia watu wa nyumbani kwenu.